Maji ya Pasaka juu ya Jiwe la Ammia

Noreen hakuwa mtu wa kuogopa makaburi. Kule Tanga, kila Novemba, alikuwa akienda na ndoo na brashi kusugua misalaba ya jamaa za mumewe mpaka ing'ae, kisha anakaa pale pale juu ya saruji na kula karanga zake. Kilichomnyima raha ni makaburi kumfuata Toronto, mpaka ghorofa ya juu kule mtaa wa Flemingdon Park, mpaka chumbani kwa binti yake.

Hayakuja makaburi yenyewe, zilikuja sura zake. Stephanie alikuwa anasomea shahada ya udaktari chuo kikuu, katika maandishi ya Kigiriki cha kale yaliyochongwa kwenye mawe ya nchi ya Frigia. Noreen alipolisikia jina hilo mara ya kwanza alifurahi kupita kiasi, maana Frigia imo ndani ya Matendo ya Mitume, siku ile ya Pentekoste, na mtoto kwenda huko aliona ni sawa na kwenda kuhiji. Akatangaza kanisani kwamba binti yake anasomea udaktari. Jumapili mbili tatu zilizofuata, wazee walimvizia Stephanie mlangoni baada ya misa wamwonyeshe magoti yao.

Kiangazi kilichopita Stephanie alikwenda Uturuki na wenzake, wakazunguka vijijini wakitafuta mawe hayo. Mengine walikuta yamejengwa ndani ya kuta, mengine yamekuwa ngazi. Wakilipata moja hulisafisha, hulibandika karatasi nene iliyoloweshwa maji, kisha huipiga karatasi kwa brashi ngumu mpaka izame ndani ya kila herufi. Ikikauka juani hubanduliwa, nayo inatoka imebeba maandishi yote, kama andazi lililobeba alama za kidole cha mpishi. Wenyewe wanaiita chapa.

Chapa moja kati ya hizo ilikuwa na thamani kuliko nyingine zote. Jiwe lake lilikuwa kizingiti cha zizi la kondoo. Baridi ilipoingia, mwenye zizi alijenga upya, jiwe likapondwa na kufukiwa kwenye msingi. Picha zilikuwepo, lakini lile jiwe lilikuwa limelika kwa miguu ya wanyama, na kwenye picha mstari wa mwisho ulionekana kama ukungu. Ulisomeka kwenye chapa tu. Na Jumatatu iliyokuwa ikija profesa wa Stephanie alitaka kuuona kwa macho yake, kwa sababu sura nzima ya tasnifu ya binti huyo ilisimama juu ya mstari huo mmoja.

Noreen hayo aliyajua nusu nusu. Alilolijua vizuri ni kwamba tangu bomba la plastiki la kuhifadhia chapa liingie nyumbani na kusukumwa chini ya kitanda cha Stephanie, mtoto anakohoa. Kikohozi kilianza na theluji, theluji ikaondoka, kikohozi kikabaki. Stephanie hali, halali, amebaki macho na miwani. Ukimwambia habari ya daktari anasema, "Nikimaliza sura hii, Mami."

Aliyemwagia petroli moto huo ni Sughra, jirani wa mlango wa pili, mjane mwenzake, mzaliwa wa Zanzibar. Huyu na rozari yake na yule na tasbihi yake, Kiswahili ndicho kilichowakutanisha kwenye lifti miaka kumi nyuma, na tangu hapo chai ya saa kumi hawakunywa mbalimbali. Siku moja wakiwa mezani Sughra akauliza:

"Hivi Stefi, hayo makaratasi yako yanasema nini?"

"Ni ya makaburi, Anti. Jina la maiti, nani kamjengea, na mengi yana laana mwishoni. Atakayelifungua kaburi hili na akione."

"Nawe umelifungua?"

"Nimelipiga brashi tu." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akaondoka na kikombe chake.

Sughra aliweka chini biskuti. "Noreen, nyumba yako ina laana ngapi humu ndani?"

"Acha mambo yako."

"Mimi paka akipiga chafya nasoma Ayatul Kursi. Wewe umeweka laana za watu chini ya kitanda cha mtoto, halafu unampa asali na tangawizi!"

Noreen alimfukuza kwa mzaha, lakini neno lile lilimkaa kifuani kama tonge kavu. Jumamosi iliyofuata, Stephanie alipoteremka na kapu kwenda chumba cha kufulia kule chini ya jengo, Noreen alichukua chupa ya maji ya baraka. Ilikuwa chupa ya plastiki yenye sura ya Bikira Maria, taji lake la buluu ndicho kifuniko, na maji yenyewe ni ya mkesha wa Pasaka. Akachomoa tawi la Jumapili ya Matawi nyuma ya msalaba, akaingia chumbani.

Juu ya meza, mbele ya dirisha linalotazama bonde la mto Don, chapa moja ilikuwa imelazwa. Noreen alipiga ishara ya msalaba akaanza. Kwa jina la Baba, matone yakaangukia kitanda. Kwa jina la Mwana, yakaangukia rafu ya vitabu. Akatikisa tena chupa alowanishe tawi, na kwa jina la Roho Mtakatifu lile taji la buluu likachomoka, maji yakamwagika kwa mkupuo juu ya meza.

Alisimama kama aliyepigwa msumari. Karatasi ile haikuyaacha maji yatiririke, iliyanywa. Herufi zilizokuwa zimesimama wima zikaanza kulegea, kingo zake zikashuka, kama nyayo ufukweni maji yanapozipitia. Mkono wa Noreen ukakimbilia taulo lililokuwa kitini.

"Usiguse!"

Stephanie alikuwa mlangoni, kapu tupu mkononi. Hajawahi kumpigia mama yake kelele namna ile. Noreen aliachia taulo likaanguka.

"Mami, umefanya nini?"

"Nimebariki."

"Umebariki nini?"

"Wewe! Nilitaka nikubariki wewe. Unakohoa tangu Desemba, na hizi laana zimelala na wewe chumba kimoja. Nifanyeje mimi?"

Stephanie alisogea mezani. Aliinama mpaka pua ikakaribia karatasi, akatazama muda mrefu, kisha akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, na Noreen aliona heri zile kelele.

"Ni ile ya kizingiti. Jiwe lake halipo tena duniani. Na umemwagia pale pale, mstari wa mwisho, kwenye neno Mungu."

"Neno gani?"

"Mungu. Wapagani wa kule walikuwa na miungu mingi, kila mmoja na adhabu yake. Hawa walisema Mungu basi, mmoja, asiyehitaji jina. Walikuwa Wakristo, Mami, enzi za kujificha. Neno hilo ndilo ushahidi wangu kwamba walikuwako kwenye bonde lote lile tulilozunguka. Likifutika, jiwe hili ni la mtu yeyote."

Noreen akashika ukingo wa kitanda akakaa. Mlango wa mbele ulifunguliwa bila kubishwa, Sughra akaingia na kanga begani.

"Nimesikia mayowe nikajua mtoto kaanguka. Kuna nini?" Wakamweleza. Akaitazama meza, akamtazama Noreen, akaitazama chupa. "Kwa hiyo umemfuta Mungu kwa maji ya Mungu."

"Sughra, funga mdomo wako."

"Nifunge mdomo au nilete mashine ya kukaushia nywele?"

"Hapana, Anti!" Stephanie akainuka. "Moto utaikunja yote. Isiguswe, isipulizwe, isisogezwe. Imekauka juu ya jiwe mara moja, itakauka tena. Herufi zikisimama, zimesimama. Zikilala, basi."

Hapakuwa na la kufanya ila kungoja, na kungoja ndiyo kazi inayomshinda mtu mwenye hatia. Noreen alitoa rozari. Sughra akavuta kiti, tasbihi ikamtoka mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane wawili wale walikaa pamoja bila neno. Bomba la joto chini ya dirisha lilikuwa likigonga polepole. Doa la maji kwenye karatasi lilikuwa kubwa kama kiganja.

Noreen alimaliza fungu la kwanza, la pili likamkatikia katikati. "Huyo maiti," akasema, "alikuwa nani?"

Stephanie akaanza kusoma bila kuitazama karatasi, maana maandishi alikwishayahifadhi. "Ammia alimjengea Zotiko, mume wake mtamu, na nafsi yake mwenyewe angali hai. Mtu mwingine yeyote akizikwa humu, mwenye kumzika atakuwa na la kujibu mbele ya Mungu."

"Angali hai?"

"Alijiandika kabisa. Aliweka jina lake kando ya mumewe akabaki anaishi."

Noreen alipumua kwa nguvu. Jina lake yeye nalo lilikuwa limechongwa kwenye jiwe la marehemu mumewe, Cajetan, kule makaburini, mwaka wa kuzaliwa umeandikwa, wa pili umeachwa wazi, na wanawe wanachukia kulitazama. Alipoliagiza, fundi alimwuliza mara mbili kama ana hakika.

"Sasa hiyo ni laana gani?" akasema. "Huyo ni mke analinda kitanda chake. Anaogopa watamlaza mtu mwingine kando ya mume wake. Ningeandika hivyo hivyo."

"Mimi ningeongeza na mapele," Sughra akasema.

Stephanie akacheka kidogo pasipo kutaka. Ubaridi ule uliokuwa kati yake na mama yake ukalegea, ingawa macho yake yalirudi mezani haraka.

Jua lilikuwa limesogea upande wa pili wa jengo alipoinuka, akagusa kona ya karatasi kwa ncha ya kidole, mbali na maandishi. Ilikuwa ngumu na kavu. Akafunga pazia, akawasha taa ya mezani na kuishusha mpaka ikalala karibu sawa na karatasi, ili mwanga upite ubavuni na kila bonde litoe kivuli chake. Noreen alifumba macho. Alisali sala isiyo na maneno, hata jina la mtakatifu halikumjia.

"Mami."

Hakufumbua.

"Mami, njoo uone."

Alikwenda. Pale palipokuwa na doa palikuwa na alama ya maji kama ramani ya kisiwa, na ndani ya kisiwa hicho herufi zilikuwa chini kidogo kuliko nyingine. Lakini zilikuwapo. Stephanie alionyesha kwa kalamu, bila kugusa, herufi nne za neno Mungu: duara lenye kijistari ndani, kisha ya pili, kisha duara tupu. Ya mwisho ilikuwa imelegea, mguu wake mmoja ni kama wa kubahatisha, ila mguu wa pili ulisimama imara.

"Inasomeka?" Noreen akauliza. "Huyo profesa, ataisoma?"

"Ataisoma. Ataniuliza doa limetoka wapi, nami nitamwambia ukweli, na sijui atafanya uso gani." Stephanie alivua miwani akajifuta macho kwa mkono wa sweta. "Ipo, Mami. Ipo yote."

Noreen alifungua mdomo aseme samahani. Binti yake alimshika mabega, akaegemeza paji la uso kwenye nywele za mama yake, wakakaa hivyo mpaka kikohozi kikawatenganisha.

"Jumatatu nikitoka kwa profesa, naenda kwa daktari," Stephanie akasema. "Daktari wa kweli. Usinitazame hivyo, nimesema naenda."

"Mimi ni shahidi," Sughra akasema.

"Kuna chakula?" Stephanie akauliza.

Noreen alimtazama kana kwamba hajasikia vizuri. Ni wiki ngapi sasa hajaulizwa swali hilo? "Kuna samaki wa nazi wa jana," akasema. "Wali napika sasa hivi."

"Pika mwingi," Sughra akamwambia, kanga yake tayari inaelekea jikoni. "Mimi nimetishwa nyumbani kwa watu, siwezi kurudi na njaa."