Mkono Juu ya Shingo

Katika klabu ya farasi iliyo kilimani, juu ya barabara ya kwenda Mudaka, hakuna anayempa mwenzake hatamu kimyakimya. Farasi ni wachache, wapandaji ni wengi, na mara kwa mara mtu hupanda mnyama aliyezoeshwa na mwingine. Ndiyo maana ikawekwa desturi. Anayetoa na anayepokea huweka mikono yao juu ya shingo ya farasi, anayetoa hutaja tabia zake zote, njema na mbaya, kisha wote wawili husema Amina. Nsimire aliipenda desturi hiyo kuliko hata kuruka vizuizi. Kwake ilikuwa kama sakramenti ndogo.

Jumapili ile, baada ya misa, walibaki wawili tu kwenye fainali: yeye na Laurette. Mshindi angekwenda kushindana Kigali, naye angempanda Kahawa, jike la rangi ya udongo, farasi bora wa klabu. Nsimire ndiye aliyemlea Kahawa tangu alipoletwa akiwa mwoga wa kila kitu, hata kivuli chake mwenyewe. Alikuwa amesali novena nzima kwa ajili ya safari hiyo. Hakumwomba Mungu Laurette ashindwe, maana Laurette alikuwa marraine, mama wa ubatizo, wa binti yake Bintu, na kwenye kwaya ya parokia walisimama bega kwa bega. Aliomba tu asitenganishwe na Kahawa.

Katika mzunguko wa kwanza kila mmoja alipanda farasi wake. Laurette alimpanda Radi, dume jeusi lililotoka Bujumbura si zamani, ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelipanda. Hakuna nguzo iliyoanguka, si kwake wala kwa Nsimire. Mwamuzi, papa Stanislas, akagonga kengele yake na kutangaza kwamba sasa watabadilishana.

Wakakutana kando ya uzio. Nsimire akaweka mkono juu ya shingo ya Kahawa, Laurette akaweka wake pembeni.

"Anaogopaka ile bâche ya bluu," Nsimire akasema. Alimaanisha turubai lililotandikwa chini na kujazwa maji, kizuizi cha mwisho. "Usimuvute. Umulegezee kamba, uangalie juu kwenye miti, umwimbie polepole. Mi namwimbiaka ule wimbo wetu wa matoleo. Akisikia sauti, anaruka."

"Hata mbele ya watu wote hawa?"

"Hata mbele ya watu. Farasi haijue haya."

Wakacheka, wakasema Amina. Kisha wakamgeukia Radi.

"Huyu yeye ni muvivu," Laurette akasema, kiganja chake kikiwa kimetulia kwenye manyoya meusi. "Kwenye maji anapendaka kusimama. Ukikaribia, umuonyeshe fimbo. Asipoiona, haruki."

"Lakini wewe hukushika fimbo."

"Mimi ananijua, maman Bintu. Wewe hakujue bado."

Nsimire alikuwa ameona kwa macho yake Radi akiruka maji bila fimbo. Lakini Laurette ndiye aliyemjua farasi huyo, na mkono wake ulikuwa juu ya shingo. Akasema Amina, akachukua fimbo fupi, akapanda.

Radi alikwenda vizuri ajabu. Aliruka nguzo za mikaratusi zilizopakwa nyekundu na nyeupe kama mtu anayevuka mtaro wa mbele ya nyumba yake. Watu waliokuwa wakila mahindi ya kuchoma kwenye mteremko wakaanza kupiga makofi. Sasa likabaki turubai tu. Nsimire akainua fimbo kidogo tu, kando ya jicho la farasi, kama alivyoambiwa.

Radi akapiga kelele. Hakusimama kivivu, alijitupa kando kama aliyeona nyoka, na mwili wote ukamtetemeka. Nsimire akaruka peke yake juu ya kizuizi, akaangukia ndani ya maji.

"Ameenda kubatizwa!" mtu mmoja akapaza sauti, na mteremko mzima ukacheka.

Kengele ikalia. Anayeanguka ametoka.

Alikaa kwenye nyasi, matope yakimtiririka shingoni. Hakuwa ameumia. Alijiambia kwamba huenda aliiinua fimbo vibaya, huenda upande haukuwa ule. Alimtetea Laurette moyoni mwake kwa nguvu zake zote, mpaka Kahawa alipokaribia maji na mlio mwororo ukasikika. Laurette alikuwa akiimba. Alilegeza hatamu, akatazama miti, akauimba wimbo wa matoleo bila kukosea neno, na Kahawa akapaa.

Wahenga walisema mchawi mpe mtoto akulelee. Nsimire alikuwa ameshampa mtoto kwenye maji ya ubatizo. Sasa alimpa na farasi.

Alimfuata nyuma ya mabanda.

"Laurette. Radi alikwisha kupigwa, njo maana anaogopa fimbo. Ulijua?"

Laurette alikuwa akifungua mkanda wa tandiko. Hakugeuka. "Ungeshinda, maman Bintu. Kila mutu alijua utashinda. Mimi nami ningefanya nini?"

"Uliweka mukono."

"Nitaenda kuungama kwa padri siku ya mosi. Mungu anaelewaka." Kisha akageuka, na uso wake ulikuwa uso ule ule wa kwenye kwaya. "Usikasirike, ma chère. Wewe uko mutu wa sala. Tafazali, niambie kitu kimoja: Kahawa akiwa mu camion, pale tunavuka Ruzizi, anafanyaka je?"

Nsimire alilijua jibu. Kahawa huingiwa na wazimu akisikia daraja likinguruma chini ya magurudumu ya lori. Angeweza kusema hana shida, na Laurette angefika Kigali na farasi aliyevunjika mguu, asiyefaa kwa shindano lolote. Sentensi moja tu ingetosha. Ilikuwa tayari mdomoni, tamu kama muwa.

Kahawa akasukuma pua yake kifuani mwa Nsimire, akitafuta karoti.

"Umuzibe masikio na pamba," akasema taratibu, akimwambia farasi zaidi kuliko mtu. "Usimufunge kamba fupi. Usimame karibu ya kichwa yake, usimuache peke yake mpaka muvuke."

"Ni yote?"

"Ni yote."

Laurette akaweka mkono juu ya shingo ya Kahawa, akangoja.

Mkono wa Nsimire ulikuwa ndani ya mfuko uliolowa, umeshika rozari. Haukutoka.

"Amina," Laurette akasema, peke yake.