Sherehe ya Kunong'ona

Bibi yangu hajui kuongea chinichini. Akicheka, hata muuza mboga wa kule barabarani hugeuka. Akifungulia redio, jengo zima linapata habari. Mimi hushona nguo sebuleni, na kati ya cherehani yangu na mdomo wake, kwetu hakukaliki kimya.

Balaa lilianza nesi alipohamia chumba cha chini. Hufanya kazi usiku, hulala mchana. Alilalamika, na mwenye nyumba akaniambia akisikia neno jingine tufungashe virago. Ningepata wapi nyumba nyingine yenye mwanga wa kushonea, nikiwa na kizee wa miaka mia mkononi?

Basi siku ya kutimiza hiyo mia, nesi akiwa amelala, niliwapokea ndugu mlangoni kidole mdomoni. Tuliimba kwa kunong'ona, tukakata keki utadhani tumeiiba. Mjomba alipaliwa na chai kwa kuzuia kicheko, nami nikamkata jicho.

Bibi hakuigusa keki yake. Alinivuta mkono, akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Nani anatutafuta?"

Niliumia sana. Sote tunajua kwamba utotoni mwake watu wa kwao walisakwa nyumba hadi nyumba, na fundi mmoja akawaficha darini, yeye na mama yake. Huko ndiko alikojifunza kumeza kikohozi. Walipovuka mpaka, mama yake alimwambia apige kelele mpaka achoke. Hajachoka hadi leo.

Nikamwambia hatutafutwi na mtu, ni nesi tu wa chini, amelala.

"Si ungesema mapema," akanifokea. "Mtu akilala nanyamaza, hiyo ni adabu. Lakini kunyamaza kwa woga nilikumaliza utotoni. Usikulete tena humu ndani."

Jioni akataka ashushwe ngazi. Nikajua tumekwisha. Nesi alifungua mlango, macho bado mazito. Bibi akampa kipande chake cha keki, akamwomba radhi kwa ajili ya redio, kisha akamuuliza bila haya kama huwa anakoroma. Nesi alicheka mpaka akashika ukuta. Wakapatana kwamba akilala atatundika kitambaa mlangoni, na mwenye nyumba asisumbuliwe tena.

Siku hizi kitambaa kikiwepo Bibi hutembea bila viatu, ananong'ona kwa raha zake, na mimi nashona kwa mkono. Kinapokaribia kuondolewa, yeye huwa keshafika kwenye reli ya ngazi, anachungulia mpaka kiondolewe.

"Umeamka, mwanangu?" hupaza sauti, mtaa mzima ukasikia.

"Nimeamka, Bibi," nesi hujibu kutoka chini, naye kwa sauti ileile.

Hapo Bibi hunigeukia na kuniambia nikanyage cherehani.