Kicheko Marufuku

Kwanza aliondoka paka. Mama mkwe alimbeba mwenyewe hadi kwa jirani, akidai manyoya yake ndiyo yanamuua mkwewe. Yakafuata mazulia, mapazia, mpaka chupa ya manukato ya harusi. Mkwewe, fundi cherehani, hakubisha. Utabishana na nani na pumzi huna? Lakini kila jioni mumewe akirudi kutoka kazini, kifua kilimbana palepale, na mama mkwe akaanza kutafuta kitu kingine cha kutupa.

"Ukibanwa, unakuwa unafanya nini?" daktari alimuuliza fundi hospitalini, mume na mama mkwe wakiwa wamesimama nyuma yake.

"Nacheka."

Mumewe alikuwa kinyozi, mdomo wake hauna breki, na kila jioni alirudi na kisa cha mteja.

"Hata kicheko huamsha pumu, hasa isipodhibitiwa," daktari alisema. "Na ile pampu ya kuvuta asubuhi na jioni, unaivuta?"

Fundi akatazama dari. Pampu ilikuwa nyumbani rafuni kati ya vibiringo vya uzi, haijafunguliwa. Siku akijisikia vizuri, dawa ya nini? Alivuta ile nyingine tu, ya kuokoa jahazi akibanwa.

Tangu siku hiyo akaanza kuvuta ile ya asubuhi na jioni bila kukosa. Ila wale wawili walikuwa wameshika neno moja tu, kicheko. Mama mkwe akazima redio. Kinyozi akawa anakula ameinamia sahani, anasema "salama", analala. Nyumba ikawa kama ina msiba.

Wiki zikapita. Fundi sasa alilala usiku kucha na kupanda ngazi na majora ya kitambaa begani bila kuhema. Kilichomchoma ni dirisha la chumba cha kushonea, lililotazamana na kibanda cha mumewe. Mchana kutwa alisikia wanaume wazima wakicheka huko hadi kupiga meza. Wivu ukamkaba kuliko pumu.

Jioni moja akasukuma sahani. "Mume wangu, mimi sikuolewa na kabati! Leo wamecheka nini?"

"Daktari alisema..."

"Alisema nivute dawa, na ninavuta! Sema!"

Kinyozi akamtazama mama yake. "Kaja mzee ana upara kama yai. Kakaa kitini, kaniambia, 'Kijana, kata kidogo tu, usiniharibie staili.'"

Fundi akapasuka kwa kicheko. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mama mkwe alikwisha kusimama, pampu ya kuokolea mkononi. Kinyozi amemkodolea macho kifuani, kijiko kimeganda hewani.

Akakohoa mara moja. Akavuta pumzi taratibu, akiisikiliza, ikaingia yote.

"Haya," akamwambia mumewe akijifuta machozi. "Ukamkata wapi?"