Hodi za Jioni

Nekesa alitoka Kitale, Kenya, kuja kujitolea kufundisha watu wazima Kiingereza katika kijiji cha Nyamwage. Mchana kijiji kilimchangamkia mpaka akashiba salamu. Jioni, kila alipopiga hodi kwa mtu, mazungumzo ndani yalikatika, taa ikazimwa. "Wanafiki wakubwa hawa!" alijisemea, akirudi kula wali mkavu peke yake.

Siku moja darasani alitoka nje, akagonga mlango, wanafunzi wamkaribishe kwa Kiingereza. Kimya. Akaingia akifoka: "Kwani mmekatwa ndimi?"

Bi Kudra, mmoja wa wanafunzi, aliinamisha kichwa. "Mwalimu, waliomuua mume wangu walipiga hodi hivyohivyo, jioni. Akawakaribisha."

Jioni ile mtu alipiga hodi mlangoni kwa Nekesa, kwa mara ya kwanza tangu afike.

Akazima taa.