Nishike, Isomeke Nishuke

Betri alibonyeza "Kubali". Hakusoma, hakuuliza, hakumwita mtu aje aone. Programu ilimwambia kanuni mpya za mchezo zimetoka, ikamwekea kitufe cha kijani, naye akakibonyeza huku mdomo umejaa mkate. Huyo ndiye mdogo wangu. Tulimpa jina la Betri tangu utotoni kwa sababu chaji yake haijawahi kumaliza kazi yoyote, na leo ana mke, ana ndevu, bado ni Betri.

Najua mnachotaka kusema. Mwanamke mzima anang'aka kwa sababu ya mchezo wa dadu? Ngojeni kwanza.

Baba yetu ni fundi wa kutengeneza vyerehani. Banda lake liko uani, unashuka ngazi tatu kutoka barazani. Zamani mteja mmoja alileta cherehani ndani ya boksi, na chini ya boksi kulikuwa na kitabu kilicholowa kikakauka, pamoja na kifuko cha dadu zenye pembe nyingi. Mteja akasema vitupwe. Baba hatupi kitu. Alikisoma kitabu chote, kisha akatuita. Ulikuwa mchezo wa kusimulia: mmoja ni msimulizi, anaeleza mko wapi na mmekutana na nini, na wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema anafanya nini, dadu ndiyo inayoamua kama ameweza. Basi kila Jumapili mchana tukawa tunashuka bandani, tunasogeza vyuma pembeni, tunacheza juu ya meza yake ya kazi. Msimulizi mimi. Nilianza kupenda kusikilizwa kabla hata sijawa mwalimu.

Mhusika wa Baba ni kiongozi wa wapanda milima, anaitwa Kamba. Marehemu mama alisema jina limempata mwenyewe, kwa jinsi Baba anavyotupiga kamba. Kamba alikuwa na mbinu nyingi, lakini iliyopendwa ni moja: Nishike. Kitabu kilisema mwenye mbinu hiyo akiwa mahali pa juu hataumia, na hakikueleza zaidi. Sisi tukaongeza la kwetu. Mtu akisema "Nishike!", aliyekaa karibu naye lazima amshike mkono kweli, pale pale mezani, ndipo dadu irushwe. Usipomshika mmeanguka wote wawili. Mikono ya Baba ilinuka mafuta ya mashine, na bado mimi na Betri tuligombania kukaa naye hadi mama anatutishia fimbo.

Kitabu kikachakaa, kurasa zikaachana. Betri akanunua toleo la kwenye tableti, na ukurasa wa Kamba ukahamia humo. Kila mbinu ina mraba wake, ukiugusa inasikika sauti ya mwanamke ikiitaja. Tuliicheka sana ile sauti. Ilisoma kila kitu kama inatangaza msiba.

Kisha Baba akapata kiharusi. Kikachukua mkono wa kulia, kikamwachia mguu wa kuburuta, na maneno kikayazoa yote. Mtu aliyekuwa anabishana na redio akawa anatutazama tu. Mtaalamu wa matamshi akatueleza kwamba anaelewa kila tunachosema, ila neno lenyewe hawezi kulipata akilitaka.

Hapa nampa Betri haki yake, maana ndiye aliyeileta tableti wodini. Alimfungulia Baba ukurasa wa Kamba, Baba akaweka kidole cha kushoto kwenye mraba wa tatu. Sauti ikasema, "Nishike." Na Baba, mdomo umepinda, mate yanamtoka, akasema, "Nishike." Nililia mbele ya wodi nzima, na sikuona aibu.

Tangu siku hiyo neno lake likawa hilo. Nishike ya maji, nishike ya choo, nishike ya kuzima feni. Anabonyeza, anasikia, anasema, anakunyooshea mkono. Mtaalamu akasema tusimwondolee ile tableti, maana hilo neno moja ndiyo njia ambayo mengine yatapitia, yakija. Nikamshonea kifuko cha kuivaa shingoni. Jumapili tukaendelea kucheza, sasa sebuleni, kwa sababu ya ngazi.

Siku Betri alipobonyeza "Kubali" hakuna aliyejua. Kesho yake nikiwa darasani simu ikaita. Ni yule dada tuliyemwajiri akae na Baba mchana. Analia, haeleweki. Niliwaacha watoto na sentensi nusu ubaoni.

Nilimkuta Baba amelala chini kabisa ya ngazi, paji la uso limepasuka, damu imeingia jichoni. Mfupa haukuvunjika, ashukuriwe Mungu. Tulipotoka hospitali kumshonesha jeraha nikamgeukia yule dada kama nyuki.

"Ulimwachiaje?"

"Alisema nishuke, dada. Tulikuwa tumesimama barazani. Mashine ikasema, na yeye akasema. Nikamwambia haya mzee, shuka taratibu, nikampisha."

"Hajawahi kusema nishuke! Anasema nishike! Ni-shi-ke!"

"Mimi nina masikio, dada. Amesema nishuke. Wewe ungefanyaje?"

Nikaichukua tableti nimwonyeshe alivyo mwongo. Nikagusa mraba wa tatu. "Nishuke," ikasema ile sauti ya msiba.

Nilikaa sakafuni na viatu vyangu.

Betri alikuja jioni, akaona uso wa Baba, akaona wangu, akaanza kujieleza kabla sijamuuliza. "Waliandika ni marekebisho tu, dada. Nilidhani ni rangi, picha, mambo hayo." Tukayatafuta hayo marekebisho. Yalikuwa yamepangwa kurasa na kurasa, na katikati yake mstari mmoja: *Nishike, isomeke Nishuke. Kosa la chapa.* Maelezo nayo yamenyooshwa: mwenye mbinu hii hushuka kutoka mahali popote pa juu bila kuumia.

Kumbe hakuna aliyetakiwa kumshika mtu. Miaka yote ile ya kupeana mikono juu ya meza ilikuwa kidole cha mpiga chapa kimeteleza. Na mimi, mwalimu wa Kiswahili, ninayemkata mtoto alama kwa herufi moja, sikuwahi kushtuka.

"Ni herufi moja tu," Betri akasema.

"Herufi moja imempasua baba yako uso! Toka mbele yangu."

Nikaipigia simu kampuni ya mchezo. Akapokea kijana mpole, upole wake ukanizidishia hasira. Akasema maudhui ya zamani yamehuishwa ili wachezaji wote wawe na kanuni moja.

"Moja na nani? Sisi tuko watatu!"

"Naelewa, dada. Lakini mbinu rasmi hairudi ilivyokuwa. Unaweza kutunga mbinu yako mwenyewe, itakaa chini ya hizo nyingine."

Sikumsikiliza. Nilimkatia simu, nikasukuma sofa hadi mlango wa barazani, nikauziba. Ngazi basi. Yule dada nilimwomba radhi, akarudi kazini, lakini nilimwapisha mlango ule usifunguliwe.

Nikachukua ubao mdogo wa shule, nikaandika NISHIKE kwa herufi kubwa, nikamwekea Baba mbele ya macho. Aliutazama, akautazama, akaguna. Halafu akabonyeza tableti. "Nishuke," ikasema. "Nishuke," akasema.

"Nishike, Baba," nikamrekebisha, nikamshika mkono kwa nguvu.

Akauvuta.

Kesho yake vilevile. Anasema nishuke, mimi namwambia nishike, namkamata, anauvuta mkono. Nilimsahihisha kama mtoto wa darasa la kwanza, tena kwa sauti ile ile ya darasani, nikiamini namwokoa. Mwishowe akaacha kubonyeza. Tableti ikawa inaning'inia kifuani kama kengele isiyo na ulimi. Akitaka maji, ananyamaza. Akitaka choo, ananyamaza, na tunajua tukishachelewa.

Mtaalamu akaja, akamjaribu, akanivuta kando. "Asipojaribu, mwalimu, hata hilo moja litapotea. Na likipotea sikuahidi kama tutalipata tena."

Niliogopa kuliko siku ya wodini. Ile siku nilikuwa nasubiri neno lije. Sasa nilikuwa nalitazama likiondoka, na nilihisi mkono wangu umo.

Nikapiga moyo konde, nikampigia Betri. Tulikuwa hatujasemeshana tangu siku ya kuanguka. "Yule kijana wa kampuni alisema mtu anaweza kutunga mbinu yake," nikamwambia. "Mimi siwezi hayo mambo." Hakunicheka wala hakunikumbusha nilivyomfukuza. Akaja, akakaa na tableti mchana kutwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake chaji haikumwishia. Ukurasa wa Kamba ukapata mraba mpya wa kijivu, chini kabisa: Nishike. Ule wa tatu, Nishuke, ukabaki palepale. Mbinu rasmi haifutiki.

"Atachanganyikiwa," nikasema.

"Mwache achague," akasema Betri.

Jumapili tukacheza. Sebuleni, Baba kwenye kiti chake, meza ndogo katikati, dadu kwenye kisahani.

"Kamba amesimama ukingoni mwa jabali," nikasimulia. "Mbele hakuna njia. Jiwe analokanyaga limeanza kucheza. Kamba, unafanya nini?"

Baba aliutazama ukurasa. Alikaa nao muda mrefu, mpaka Betri akaanza kuchezea dadu nami nikampiga kofi la mkono aache. Kidole cha Baba kikashuka polepole, kikapita mraba wa tatu, kikafika kwenye ule wa kijivu.

"Nishike," ikasema tableti.

"Nishike," akasema Baba.

Nilimrukia! Nilimkamata ule mkono, Betri akapiga ukelele, kisahani kikamwagika. "Umeliona neno lako! Umelirudisha, Baba! Rusha dadu, Betri, rusha!"

Lakini Baba alikuwa anatikisa kichwa. Aliuvuta mkono wake kutoka mkononi mwangu, akaurudisha kwenye tableti, akagusa mraba wa tatu.

"Nishuke," ikasema.

"Nishuke," akasema.

Nikamkatiza. "Hapana, Baba, hiyo sio, hiyo ni kosa la..."

"Dada, hebu nyamaza," Betri akasema. Hajawahi kuniambia hivyo tangu azaliwe. Nikanyamaza.

Baba akaigeuza tableti kifudifudi juu ya mapaja yake. Hakuwa anaitazama tena. Alivuta pumzi, ule upande mzima wa mdomo ukahangaika, na yale maneno yakatoka bila sauti ya msiba kuyatangulia, moja baada ya jingine, yameshikana.

"Nishike nishuke."

Tangu kiharusi hajawahi kusema maneno mawili pamoja. Na mimi, mwalimu, nilikaa pale nimeduwaa, sielewi sentensi ambayo mtoto wa darasa la kwanza angeielewa. Mpaka nilipoona anatazama wapi. Alikuwa anatazama sofa langu, na mlango nyuma yake.

Anataka kushuka bandani kwake. Na siku ile na yule dada, je? Alikuwa anafuata tu mashine, au hatimaye mashine ilikuwa imempa neno alilokuwa analitafuta? Sijui. Sitajua. Ninachojua ni kwamba aliniambia tena na tena, na kila aliponiambia nilimsahihisha.

"Tusogeze sofa?" Betri akauliza kwa sauti ndogo.

Nilitaka kukataa. Mshono wa kwenye paji la uso ulikuwa haujafifia, na nilikuwa nausikia mwili wake ukigonga zile ngazi ingawa sikuwepo ulipogonga. "Sogeza," nikasema.

Tulitoka barazani watatu. Betri nyuma, amemshika mkanda wa suruali, mimi upande wa kushoto, mkono kwa mkono. Ngazi ya kwanza, mguu mzima ukatangulia, ule wa kuburuta ukafuata. Ya pili, akayumba, nikamkaza, nikamkaza zaidi, nikawa karibu kumbeba. "Shika vizuri, wewe," nikamfokea Betri, na Betri akasema, "Nimeshika, dada, wewe ndiye unayemvuta."

Kwenye ya tatu Baba akasimama. Hakuenda mbele wala nyuma. Alishusha macho kwenye mkono wangu. Nilikuwa nimemkamata hadi ncha za vidole vyake zimebadilika rangi, yeye ametulia. Tableti tulikuwa tumeiacha ndani, kwenye kiti.

"Nishuke," akaniambia, taratibu, kama mtu anayemrudia mwanafunzi mgumu.

Nikalegeza vidole. Sikumwachia, nililegeza tu, na Baba akateremsha mguu wake chini, uani.