Sikio la Punda wa Jiwe

"Mama, wameandika usiguse!"

"Nimemgusa miezi mitatu kabla hawajajua kuandika hicho kibao."

Hata hivyo aliondoa mkono. Binti yake alimleta kwenye jumba hili dogo la makumbusho aone vito, naye alivipita vyote kwenye makabati yao ya vioo, vya kijani na vyekundu, bila hata kuviamkia. Alichofuata ni punda huyu wa jiwe, hasa sikio lake la kushoto. Miaka ishirini iliyopita, alipokuwa mpiga msasa kwenye karakana ya wachongaji, alilisugua kwa pupa likakatika. Akaliunga kwa gundi na vumbi la jiwe lenyewe, akasugua tena hadi ufa ukapotea, wala hakumwambia mtu. Tangu siku hiyo, kila Fundi, mwenye karakana, alipomsifu, aliinamia kazi asimtazame usoni.

Sikio lilikuwepo. Akashusha pumzi.

"Huyo hauzwi," ilisema sauti nyuma yao. Alikuwa Fundi mwenyewe, aliyemchonga punda, siku hizi mshika funguo wa jumba, mkongojo mkononi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Msasa! Kumbe bado upo?"

Alijua asiposema leo, huenda mmoja wao akaingia kaburini kwanza.

"Fundi, sikio hili nililivunja mimi. Ulinipa kazi wengine waliponikataa, mtoto mgongoni, nami nikakulipa shukrani ya punda."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Nililiona siku ileile, gundi haijakauka! Nikasema, anayejua kuunga hivi nikimfukuza, nitampata wapi mwingine? Nikangoja uniambie. Nimengoja wee, mpaka mvi zimeniota."

Mama alilengwalengwa na machozi. "Mungu akuweke, Fundi. Mtoto mwenyewe ndiye huyu. Kazi ile ndiyo iliyomsomesha."

Fundi alimshika binti mkono, asiuachie upesi. Kisha akaingia stoo, akatoka na kitu ndani ya kitambaa: mtoto wa punda, wa jiwe pia, alama za patasi bado zimemjaa mwilini, masikio membamba kuliko ya yule punda mkubwa.

"Huyu ndiye wa mwisho. Mikono inatetemeka, kumsugua siwezi. Nilikuwa sijapata wa kumwachia."

Mama aliketi kwenye ngazi, akamlaza mapajani, akamtuma binti maji ya kulowesha msasa. Alianza na masikio. Fundi hakusimama kumwangalia. Alijikongoja zake kwenda kuwafungulia wageni mlango.