Kopo la Mama Valerie

Ijulikane kwanza kwamba Namunyak hakuwahi kutaka kusafiri peke yake. Safari ya kisiwani ilikuwa ya akina mama wa chama kimoja cha Kitengela, na ilipangwa kwa mwaka mzima kwenye kundi la WhatsApp lililoitwa Wasafiri wa Baraka. Walijadili rangi ya fulana, wakajadili kofia, wakaiombea safari kwa zamu. Kisha mmoja akapata harusi, mwingine mumewe akapata wivu, na waliobaki wakapata ukimya tu, ule wa kusoma ujumbe bila kujibu. Siku ya kukata tiketi ilipofika, aliyekuwa amekata ni Namunyak pekee. Yeye huuza nyasi za ng'ombe, na muuza nyasi hana desturi ya kungoja wingu lijieleze.

"Wewe enda tu, utuwakilishe," Nyakio, mwenyekiti wa chama, alimwambia kwa sauti ya jenerali anayebaki nyumbani. "Na upige picha mob, nyingi kabisa."

Namunyak alizaliwa nje kidogo ya mji wa Kajiado, akaolewa, akafiwa, akamlea mwanawe Lemein mpaka akawa mwanamume wa kupiga simu Jumapili. Katika maisha yake yote hakuwa amelala mahali ambapo hakuna mtu anayemjua baba yake. Maji mengi zaidi aliyowahi kuyaona yalikuwa ya bwawa la kunywesha mifugo. Lakini hofu ya bahari ilikuwa hofu ndogo, ya kufugika. Hofu yenyewe ilikuja baada ya ibada, ikiwa imefungwa selotepu.

Lilikuwa kopo kubwa la mafuta ya kupikia, limezungushiwa selotepu kuanzia mdomoni hadi kitakoni mpaka likang'aa. Lilibebwa na Jacinta, jirani yake, kiongozi wa maombi ya wanawake.

"Mama Lemein," Jacinta alisema, mbele ya kamati nzima ya wanawake, "Mungu ndiye amekutuma. Valerie wangu ako kwa hiyo kisiwa. Bwana yake anapika kwa hoteli huko. Nipelekee hii tu. Atakuja kukuchukua airport."

"Ni nini, Mama Valerie?"

"Kitu kidogo." Jacinta akatazama viatu vyake. "Usifungue, tafadhali. Na usiniulize."

Sasa, katika pande hizi kuna sheria ambayo bunge halikuipitisha lakini ina nguvu kuliko katiba: anayesafiri ni punda wa wote. Ukienda Loitokitok utabebeshwa simu iliyotoka kutengenezwa. Ukirudi utabebeshwa nyanya za Kimana. Kukataa mzigo wa jirani ni kumwambia humwamini. Kuufungua ni kumvua nguo sokoni. Namunyak akalipokea kopo kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko mafuta, na alipolitikisa, vitu vikagongana humo ndani kama meno.

Alienda Kajiado kumuaga kaka yake Kuntai, mchuuzi wa mbuzi, mtu ambaye Mungu alimpa midomo miwili akasahau kumpa breki.

"Sopa, Namunyak."

"Ipa."

Salamu zilikwenda vizuri. Chai ilikwenda vizuri. Kisha akataja kopo.

"Ndani iko nini?" Kuntai aliuliza.

"Sijui. Mzigo ya mtu haifunguliwi."

Kuntai akavua kofia, jambo analolifanya mazishini tu. "Kuna msichana wa Illasit alibebea mtu begi hivyo hivyo. Begi tu ya nguo. Saa hii ako jela ya huko mbali, ameota mvi. Mamake alienda kumwona, akaonyeshwa nyuma ya kioo kama samaki."

"Wacha kunitisha."

"Sikutishi. Nauliza tu. Wakikushika tutakukomboa na nini? Mbuzi hazipandi ndege."

"Jacinta ni mama wa kanisa!"

"Shetani pia anajua Biblia. Fungua hiyo kitu, dada."

"Nikifungua, nitamwangalia aje Jumapili?"

"Utamwangalia ukiwa nje ya jela. Hiyo ndiyo maana."

Hakufungua. Kuntai alimtemea mate ya baraka kichwani kama ilivyo desturi ya Wamaasai, lakini Namunyak alihisi mate yale yamezidi kipimo, kama ya mtu anayeaga kwa mara ya mwisho.

Katika uwanja wa ndege wa Nairobi, kijana mwenye tai alimuuliza kama amepanga sanduku lake mwenyewe. Akasema ndiyo. Kuna mtu yeyote amekupa kitu umbebee?

Namunyak aliuona ukweli pale pale kwenye kaunta, mfupi na rahisi kabisa. Akaiona pia kamati ya wanawake ikimtazama kupitia macho ya yule kijana. "Hapana," akasema. Neno likapanda kwenye mkanda pamoja na sanduku, likaingia kwenye lile shimo lenye mapazia ya mpira, na halikuwezekana tena kuitwa lirudi.

Angani hakula. Wengine walitafuna kuku. Yeye alitafuna habari za Jacinta. Jacinta alinunua friji mwaka huu. Friji! Mshonaji sare, friji kaitoa wapi? Na yale machozi. Jacinta alikuwa akilia kwenye maombi, mwaka baada ya mwaka, bila kusema anamlilia nani. Zamani Namunyak aliyaita uchaji. Kwenye kiti kile, huku mawingu yakipita chini ya miguu yake, aliyaita dhamiri. Kila ndege ilipotikisika alilisikia kopo likigonga ndani ya sanduku, ingawa sanduku lilikuwa tumboni mwa ndege na yeye hangeweza kulisikia.

Kisha kisiwa kikaonekana, kidogo, kama ngozi ya mbuzi iliyoanikwa katikati ya maji. Jina lake tulifiche, kwa heshima ya maofisa wake, ambao walifanya kazi yao vizuri kupita kiasi.

Aliulizwa tena swali lile lile, safari hii na mwanamke wa forodha mwenye nywele zilizobanwa mpaka nyusi zikapanda. Akajibu tena hapana. Uongo wa pili hauhitaji kazi. Hupita njia iliyokwisha kulimwa. Sanduku likaingia kwenye mashine. Mashine ikasimama. Ikarudi nyuma.

Yeyote aliyesoma shule ya bweni anaijua meza iliyofuata. Ni ile ya siku ya kufungua shule, ambapo sanduku lako hupekuliwa hadharani na naibu wa mwalimu mkuu, nawe umesimama ukimwomba Mungu aufanye mkate wako uwe sabuni. Tofauti ni kwamba shuleni hukumu ni kufyeka nyasi.

"Hiki ni nini?" mwanamke yule aliuliza kwa Kiingereza, akiliinua kopo.

"Ni zawadi."

"Kutoka kwako?"

Mwanamke akachukua kisu. Selotepu ikalia ikichanwa. Chini ya kifuniko kulikuwa na mfuko wa plastiki, ndani ya mfuko gazeti, na ndani ya gazeti vipande vyeupe vyenye rangi ya majivu kidogo, vingine vimevunjika vikawa unga laini. Unga ukapanda hewani taratibu. Afisa wa pili, mwanamume mpana, akavaa glavu bila kuambiwa. Watalii waliokuwa kwenye foleni wakarudi nyuma.

Kuntai alisema kweli. Namunyak aliiona jela, akakiona kioo, akamwona Lemein upande wa pili akiwa mzee.

Ndipo harufu ikamfikia. Ilikuwa harufu ya mvua ya kwanza ikipiga vumbi.

Odowa!

Mawe ya kula. Yanauzwa kila kona ya Kitengela, kando ya njugu na peremende, na wanunuzi wake wakubwa ni wanawake wenye mimba. Yeye mwenyewe alipombeba Lemein aliyatafuna mpaka mumewe akamwambia atazaa tofali. Mara moja akaelewa yote. Valerie alikuwa na mimba, na haikuwa mimba yake ya kwanza. Zile za awali, zilizoharibika, ndizo zilizokuwa zikililiwa kwenye maombi. Na nyumbani kwa Jacinta, kama kwa wengi, mimba haitajwi mpaka mtoto mwenyewe alie. Angesema nini kuhusu kopo bila kuitaja?

"Ni chakula!" Namunyak alisema kwa sauti kubwa.

"Chakula gani?"

"Mawe!"

Jibu hilo halikusaidia. Mwanamke wa forodha akanyoosha mkono kwenye redio yake. Namunyak, akiwa amejaa hofu na furaha kwa wakati mmoja, akafanya jambo ambalo mama yeyote wa Kitengela angelifanya. Akachukua kipande kikubwa, akakitia mdomoni, akatafuna. Krap! Akatabasamu, meno meupe kwa unga, ili waone.

Kwetu hakuna ushahidi unaoushinda huo. Kwa afisa wa forodha, popote duniani, huyo ni mshukiwa anayemeza ushahidi.

Walimrukia. Mwanamume mpana alimbana mashavu, mwanamke akapuliza filimbi, mtu akapiga kelele akitaka daktari. Namunyak, kwa mshtuko, akameza. Hilo likamaliza hesabu. Akabebwa juu juu hadi chumba kisicho na dirisha, akawekwa kwenye kiti cha chuma, na alipoomba maji akanyimwa.

"Hutasafisha kinywa," mwanamke alimwambia. "Kama ni kile tunachofikiri, ulichomeza kitakuua kabla ya giza. Daktari yuko njiani. Sema sasa ni nini."

"Ni udongo, mama. Udongo tu."

Mlango ukafungwa. Akabaki na ulimi uliokauka na changarawe kwenye fizi. Ni odowa, alijiambia. Naijua odowa. Lakini hofu ina akili kuliko mwenye nayo. Ikakaa karibu naye na kumnong'oneza. Je, kama odowa ni ya juu tu? Kama chini ya gazeti kuna kitu kingine? Umeonja juu. Hukuonja chini. Akalishika tumbo kwa mikono yote miwili, akilisikiliza kama mtu anayesikiliza nyoka darini. Akaanza kusali kwa Kimaa, kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimemwishia.

Daktari alikuja, akamwangalia macho, akampima mapigo ya moyo, akatoka. Baada ya muda mrefu mwanamke wa forodha akarudi na kuketi mbele yake.

"Ni udongo," alisema. "Wote, hadi chini."

Namunyak akalia kwa sauti.

"Usilie bado. Udongo hauruhusiwi kuingia hapa, tutauchoma. Na ulinidanganya. Kwa nini?"

Kumjibu kulikuwa na hofu yake. Siri haikuwa yake, na kuna vitu ambavyo vikitajwa mapema husikika na masikio yasiyofaa. Alitazama mlango uliofungwa. Kisha akainama mezani na kunong'ona, kwa sauti ambayo hata kiti hakikuisikia, kwamba kuna binti anayengoja nje, kwamba ana mimba, kwamba zilizotangulia hazikukaa, kwamba mama yake alikuwa akiificha hii hata kwa Mungu.

Mwanamke alifunga faili. "Kuna ndege ya kurudi Nairobi jioni hii. Ukiondoka nayo, yamekwisha. Ukiingia, jina lako linabaki kwenye mashine yetu, na siku ya kutoka utapekuliwa mpaka kwenye pindo za nguo. Chagua."

Nyumbani! Neno hilo lilimvuta kama kamba shingoni mwa ndama. Kesho angekuwa Kitengela akipanga nyasi zake, na kisiwa kingebaki mahali pake, majini. Hakuwa bado ameona hata ukuta mmoja wa nchi hii uliomtaka. Lakini akamfikiria msichana aliyesimama nje tangu ndege ilipotua, akiwaangalia wageni wakitoka mmoja mmoja.

"Nitaingia," alisema. "Lazima mtu amwambie."

Mlango wa vioo ukajifungua wenyewe, akashtuka, akaruka nyuma, kisha akapita. Joto likamlamba uso. Valerie alikuwa karibu na nguzo, gauni pana kuliko mwili wake, mkono mmoja umelala juu ya tumbo bila yeye kujua.

"Aunty! Nilidhani wamekurudisha. Uko sawa?"

"Niko sawa."

Macho ya Valerie yalishuka kwenye sanduku. "Mum alisema uko na kitu yangu."

"Wameichukua, mwanangu. Yote. Wanaichoma."

Valerie alikaa juu ya sanduku la mgeni wake, katikati ya watu waliovishwa mashada ya maua, akalia kama mtoto aliyenyang'anywa. "Naota hiyo kitu kila siku, Aunty. Nimekula chaki. Nimelamba ukuta ya nyumba ikinyesha. Nimejiambia, nikiipata tu, hii itakaa."

Namunyak akapiga magoti amkumbatie. Valerie akanyamaza ghafla. Pua yake ikacheza.

"Aunty. Umekula nini?"

Namunyak akaufunika mdomo kwa kiganja. Aibu ilimchoma kuliko kisu cha forodha: kipande kimoja tu kilichoingia nchi hii, naye ndiye aliyekimeza. "Moja tu," alisema nyuma ya vidole. "Nilikuwa nawaonyesha si sumu. Nisamehe."

Valerie akaushika mkono ule, akauondoa taratibu, akasogeza pua karibu kabisa na mdomo wa Namunyak, akafumba macho.

"Pumua," alisema.

Namunyak akapumua.

"Tena, Aunty. Usiharakishe."